Mafuta Safi ya Meli

Usafi ni sifa ipendwayo na kila mtu, na kitu kipendwacho na wote hakikosi kuigizwa. Mimi ni mkazi wa Mombasa, na nimezoea kusikia meli zikipimwa kwa moshi wake: ukiwa mweusi, meli ni chafu, usipoonekana, meli ni safi. Kipimo hiki ni chepesi, na wepesi wake ndio unitiao shaka.

Tangu Januari 2020, Shirika la Bahari Duniani limeshusha kikomo cha kawaida cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 0.5. Jambo hili ni jema, kwa maana moshi wa salfa hudhuru vifua vya watu wa bandarini. Lakini salfa ikipungua, ukaa haupungui. Na meli hutoa karibu asilimia 3 ya hewa ya ukaa itokanayo na kazi za wanadamu.

Kwa hiyo mafuta mengine yanatafutwa. Mwaka 2023 meli ya makasha, Laura Mærsk, ilisafiri kwa methanoli kutoka Ulsan, Korea ya Kusini, mpaka Copenhagen. Amonia nayo husifiwa kuwa haina ukaa hata chembe. Kila moja ina ila yake. Methanoli hutaka tangi kubwa zaidi ya maradufu, na nafasi ya tangi ni nafasi ya shehena. Amonia ni sumu. Ikivuja chumbani mwa injini, yaweza kumwua baharia.

Hizo ni ila za dhahiri. Ila kubwa imefichwa nchi kavu. Amonia nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe, na kiwanda hutoa ukaa kabla meli haijang'oa nanga. Meli hupita mbele yetu bila doa, doa likabaki kiwandani. Amonia itengenezwayo kwa hidrojeni iliyotenganishwa na maji kwa umeme wa jua au upepo ni nyingine kabisa kwa asili, ingawa jina na harufu ni vile vile.

Basi kila mafuta yaletwayo kwa jina la usafi yaulizwe: yamezaliwa wapi, na kwa nguvu gani? Swali hili si la wahandisi peke yao. Ngano na dawa tununuazo huja kwa meli, na gharama ya mafuta mapya itafika mpaka kikapuni mwa maskini. Alipaye thamani ya usafi ana haki ya kupewa usafi wenyewe, si jina lake.