Vioo vya Gari na Waya Mnene

Zama za ujana wetu, Mombasa, kufungua kioo cha gari kulikuwa kazi ya mkono, na hata matajiri wenye Peugeot 504 walikizungusha kwa hendeli sawa na dereva wa teksi. Nami namkumbuka marehemu baba, akingoja zamu ya kuingia feri ya Likoni katika jua la adhuhuri, alivyokuwa akijinyoosha mwili mzima kukivuka kiti cha abiria ili akifikie kioo cha upande wa pili, mguu wake ukiwa haujabanduka kwenye breki. Hendeli zenyewe hazikudumu, kwani meno yake ya ndani yalilika hata zikawa zinazunguka bure, na aghalabu gari zima lilibakiwa na hendeli moja tu, ikihamishwa mlango hadi mlango na kuhifadhiwa juu ya dashibodi.

Huko Marekani vioo vya umeme vilikuwa jambo kongwe. Packard ilikwisha kuvitoa mwaka 1940, vikisukumwa kwa mafuta yaliyoshinikizwa na pampu, na mwaka 1951 Chrysler, katika gari lake la Imperial, ikaiacha pampu na kuweka mota za umeme. Kwetu, walakini, havikuenea mpaka yalipoanza kumiminika bandarini magari yaliyokwisha tumika Japani, katika miaka ya 1990, na hapo ndipo mwenye gari la hendeli alipoingiwa na tamaa ambayo kabla yake hakuijua.

Tamaa hiyo ilipata dawa yake Dubai. Jamaa waliokwenda kule kutafuta bidhaa walirejea na visanduku ambavyo ndani yake mlikuwa na mota mbili, swichi na fungu la nyaya, na mota ile ilitiwa ndani ya mlango ikishika mhimili uleule uliokuwa ukishikwa na hendeli, ili iuzungushe mahali pa mkono wa binadamu. Mimi sikuvipenda vyombo hivyo, maana vilinguruma sana na kioo kilipanda kwa kusitasita. Lakini fahari ni fahari, na kijana aliyevifunga hakukosa kusimama mbele ya baraza la wazee ili kioo kishuke na salamu itoke. Mafundi wenye nadhari walifuata njia nyingine: walitafuta kwenye magari yaliyogongwa mashine ya kioo pamoja na mota yake, ya gari la aina ileile lakini la daraja la juu, kwa kuwa mara nyingi matundu ya skrubu mlangoni yalikuwa yaleyale, na mashine iliketi kana kwamba ilizaliwa humo.

Hata hivyo, miaka ilipopita, vioo vikawa vizito. Gari langu mwenyewe, lililotoka kiwandani na vioo vya umeme, lilifika hali ya kwamba mvua ya masika ikianza ghafla, kiti cha nyuma kilikwisha lowa kabla kioo hakijafika juu, na kila niliyemuuliza alinishauri ninunue mota mpya. Fundi mmoja wa umeme, mzee wa makamo asiyekuwa na maneno mengi, ndiye aliyenizuia. “Mwanangu, usinunue kitu,” akasema, “tupime kwanza umeme unaofika.” Akaweka kipimo chake, tukaona betri ina zaidi ya volti 12, ilhali penye mota, kioo kikiwa kinapanda, zilifika 9 na ushei tu, zilizosalia zilipotea njiani, katika waya mwembamba uliozunguka dashibodi nzima, na katika ncha za shaba za swichi ambazo cheche na chumvi ya bahari zilikuwa zimeziunguza zikawa nyeusi.

Dawa yake ilikuwa rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo, kwa kila kioo. Akavuta waya mnene kutoka betrini, wenye fyuzi yake karibu kabisa na betri, na nyaya mbili zilizokuwa zikienda kwenye mota akazikata na kuzielekeza kwenye rilei hizo. Kioo kikitulia, pande zote mbili za mota hugusana na bodi ya gari, yaani hasi. Ukibonyeza kupandisha, rilei moja huruka upande wa chanya na mwenziwe hubaki hasi, mota ikazunguka. Ukibonyeza kushusha, mambo hugeuka. Swichi sasa haibebi mzigo wa mota, hubeba umeme mdogo tu wa kuiamsha rilei, na kwa hiyo haiungui. Fauka ya hayo alisafisha mifereji ya mpira ambamo kioo hupita, akaipaka silikoni badala ya grisi, kwa sababu grisi hushika vumbi ikawa tope. Jioni ile kioo kilipanda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona tangu nilinunue gari.

Tangu siku hiyo nimeyasaidia magari ya jamaa kadhaa kwa njia hiyohiyo, na dhana yangu ni kwamba mota nyingi zinazotupwa jaani hazina kosa lolote. Siku hizi vijana huongeza visanduku vinavyofunga vioo vyote pindi milango ifungwapo kwa rimoti. Ni ustadi, lakini mimi sivitaki, maana kioo kilichotiwa nguvu mpya hakijui tofauti ya mpira na shingo ya mtoto, na vingi vya visanduku hivyo havina akili ya kukisimamisha kikigusa kitu.

Basi wewe unayekusudia kufanya kazi hii, zile swichi za zamani ambazo goti la mtoto laweza kuzikandamiza zikapandisha kioo ziondoe, uweke za kuvuta juu kwa kidole. Bei yake si kubwa, na huuzwa palepale panapouzwa rilei.