Bei ya Mwisho

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeamua. Gari langu, Toyota IST, linauzwa. Kule Chanika ninakojenga ukuta umefika lenta, paa bado, masika hayako mbali, basi.

Sasa bei. Kaka amepiga simu jioni, hata salamu hatujamaliza: "Anza na kumi na tatu, utashushwa tu." Kwa nini kumi na tatu? "Si kwa sababu utashushwa!" Hesabu yake ndiyo hiyo, mwanzo na mwisho.

Mama mkubwa naye kaja na swali lake: "Kwani wewe ulilinunua ngapi, mwanangu?" Kumi na nne na nusu, mwaka 2018, ushuru ndani yake. Lakini hiyo imeshaliwa. Imeliwa na foleni ya Ubungo, na msiba wa Tanga, na harusi za watu nilizobebea masufuria. Mnunuzi hanunui harusi nilizohudhuria.

Silali. Namba zinacheza tu kichwani.

Jumatano, 5 Februari

Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wametangaza bei za mafuta. Ofisini hawana lingine la kuzungumza. Vizuri, injini ndogo ina soko lake siku kama hizi.

Saa ya chakula nimekaa na simu na karatasi. IST za 2003 mpaka 2005, cc 1290 peke yake. Za 1490 nimeziacha, zina bei zao. Ya chini kabisa 8,300,000, namba C, picha zote zimepigwa upande mmoja. Upande wa pili una nini? Ya juu 12,800,000, namba D kama yangu, rimu zinang'aa, redio ya skrini. Hiyo naijua. Nimeiona tangu kabla ya Krismasi, picha zile zile, mwembe ule ule nyuma. Inaombwa kumi na mbili na laki nane, sawa, nani kaitoa? Ile ya 10,200,000 ilitangazwa Jumapili. Leo nimepiga: "Imeshaondoka, dada."

Hiyo iliyoondoka ndiyo ya kuiangalia.

Halafu hizi herufi. Mtu anasoma namba ya gari kabla hajafungua boneti. Gari la 2004 ni la 2004, liwe na D liwe na E. E maana yake limeshuka bandarini juzi, si kwamba limezaliwa juzi. Ila mwenye E katoka kulipa ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na uchakavu juu yake kwa sababu gari kuukuu. Lazima aombe zaidi. Mimi wa D siwezi kuomba cha E, hata nipige polishi mpaka vidole viishe.

Ijumaa, 7 Februari

Gereji. Nimemwambia fundi alikague kama la mtu baki, asinionee haya.

"Injini haina neno, mama. Gia boksi haina neno. Mbele huku ndiyo kuna habari." Shokapu ya kushoto inavuja, bushi za mbele zimekwisha. Kioo kina ufa mdogo kwenye kona. Vipuri vya Gerezani vilivyotumika, na ufundi wake, laki tatu na nusu.

Nitengeneze au nipunguze? Nikitengeneza, mnunuzi atadhani nimepaka poda. Nikinyamaza, fundi wake atalisikia kwenye tuta la kwanza, na hapo hatadai laki tatu na nusu. Atadai milioni, na kila nitakachosema baada ya hapo atakipima mara mbili. Nikisema mwenyewe, natoa laki tatu na nusu, hazizidi.

Nitasema.

Kinachoniuma ni tairi. Nne mpya, Novemba, laki sita. Nikamuuliza fundi niongeze laki sita? Akacheka. "Tairi mpya zinakuuzia haraka, mama, hazikuuzii ghali. Gari bila tairi si linakaa juu ya mawe?"

Laki sita zangu jamani.

Jumamosi, 8 Februari

Dalali kafika getini. Nani kamwambia? Kijana mzuri, maneno laini. "Mama, wewe nipe bei yako tu, mimi nitaweka cha juu changu." Cha juu ngapi? Anatabasamu. Maana yake gari langu litazunguka mjini kwa kumi na moja na nusu, mimi nikabidhiwe tisa na nusu, na yule ambaye angekuja kwangu na kumi aone ghali aende zake. Kazi yake ipo na ina watu wanaoihitaji, lakini nimemwambia nitampigia. Ameondoka akiziangalia tairi.

Mchana nimepita yadi, Kinondoni. Wamelizunguka, wamewasha, wamezima. "Nane, leo leo." Sikuuza, ila nimeshukuru kweli. Sasa najua chini pako wapi. Mtu akinitajia nane, afadhali niwape yadi, nisipokee simu za usiku.

Jumapili, 9 Februari

Kanisa, chai, kalamu.

Iliyoondoka: 10,200,000.
Toa shokapu na bushi: 350,000.
Toa kilomita: 200,000. Langu linasoma 171,000. Matangazoni kila gari lina elfu tisini, gari la miaka ishirini! Mji huu watu wanaendeshea wapi, sebuleni? Lakini mnunuzi atalinganisha tu.
Ongeza tairi: 200,000 kati ya laki sita. Ndiyo hivyo.
Mmiliki mmoja tangu liingie nchini, kadi jina langu, halina mkopo: siongezi kitu, ila hapo sishuki.
Baki: 9,850,000.

Fundi wa paa ameleta makadirio yake jioni, na mbao, 10,600,000. Nikaishika ile karatasi ya gari nusura nifute nianze upya na 10,800,000. Mkono ulishafika. Halafu nikajiuliza, shokapu imepona? Kilomita zimepungua? Kilichobadilika ni shida yangu. Shida yangu haimo ndani ya gari, mnunuzi atailipiaje?

Basi natangaza 9,900,000, maongezi yapo. Moyoni 9,400,000. Ya moyoni simwambii mtu, hata kaka.

Shemeji kapiga saa tatu usiku. Anataka kwa saba, kidogo kidogo, "tusaidiane, ni mambo ya ndani haya." Nimemwambia, shemeji, kwako natoa laki mbili, taslimu. Kasema atanirudia. Hatanirudia. Na kikao cha familia cha Pasaka nitasemwa. Nisemwe.

Jumanne, 11 Februari

Tangazo limetoka:

"Toyota IST 2004, cc 1290, namba D, kilomita 171,000. Mmiliki mmoja. Injini na gia boksi nzima, AC baridi, tairi mpya. Bampa la nyuma limepakwa rangi baada ya kuguswa na bodaboda. Shokapu ya mbele kushoto na bushi zinahitaji kubadilishwa, gharama imeshatolewa kwenye bei. 9,900,000, maongezi yapo ukishaliona. Njoo na fundi wako."

Kaka kasoma, kapiga, kafoka. "Nani anatangaza ugonjwa wa gari lake?" Mimi.

Simu.
"IST ipo?" Ipo. "Bei ya mwisho?" Njoo ulione kwanza. "Nitajie ya mwisho nisije bure." Huyo nimemtakia siku njema. Ukitaja ya mwisho kwenye simu, akifika getini inakuwa ya kwanza.
Mwingine: "Nina saba na nusu mkononi." Mkononi! Wengine watanilipa kwa mguu?
Mwingine kataka kubadilishana na kiwanja Mkuranga.

Alhamisi, 13 Februari

Kimya. Simu haijalia toka asubuhi. Nimeikagua kama ina salio, kana kwamba kupigiwa kunahitaji salio.

Nishuke? Tisa na nusu ingevutia. Fundi wa gereji kasema tulia mama, katikati ya mwezi watu wanakula madeni, mshahara bado. Na mimi najiambia hivi: siku ile ya kwanza simu zingemiminika na watu wakapishana getini, ingekuwa nimeuza rahisi. Zikikosekana mpaka mwisho wa mwezi, mshahara umetoka na bado kimya, hapo ni ghali, nitashusha. Kimya cha siku moja hakijasema kitu.

Rahisi kuandika. Tumbo linasema mengine.

Jumamosi, 15 Februari

Wamekuja. Mwalimu wa Kibaha, mke wake, na fundi wao, mtu mzima, hasemi. Mwalimu: "Shikamoo, mama." Fundi kasalimia kwa kichwa tu, keshaanza kazi.

Kafungua mfuniko wa oili, kaugeuza, kaumulika na simu anatafuta ute mweupe, maana ute ni maji yamekutana na oili. Hakuna. Kavuta stiki ya gia boksi, kainusa, kaipangusa kwenye karatasi nyeupe, kaangalia rangi. Halafu kitu ambacho fundi wangu hajawahi kunionyesha: kapitisha ukucha kwenye vichwa vya bolti za boneti na mafenda, moja moja. Bolti ikikwanguka rangi, spana imepita, na spana ikipita hapo mara nyingi gari liligongwa. Zangu ziko na rangi ya Japani. Kwenye bampa kasimama. "Bodaboda," nikasema. "Umeandika," akajibu. Ndiyo sauti yake ya kwanza.

Wamelizungusha mtaani. Nimesikia ile ngo-ngo ya mbele wakirudi, wakaisikia na wao, hakuna aliyeshtuka.

Mwalimu: "Mama, tisa. Kuna hizo shokapu." Nikampa karatasi yangu, ile ya Jumapili, ilivyo. Kasoma taratibu, kama anasahihisha mtihani. Kampa mke wake. "Kwa hiyo laki tatu na nusu umeshaitoa?" Nimeshaitoa. Akanyamaza. Hapo ndipo tangazo langu, lile kaka aliloliita la ugonjwa, limenifanyia kazi, kitu kimoja hakitolewi mara mbili.

Mke ndiye mfanyabiashara pale. Kaangalia tarehe ya bima. "Inaisha mwezi huu, mama. Bima ndogo 118,000, tutalipa sisi." Kweli, hiyo sikuiweka. Kioo pia, ule ufa, fundi wao kautaja. Tukaongea, tukacheka, soda zikaletwa. 9,600,000. Wameacha laki tatu, nimewaandikia, wamesaini.

Nimefurahi. Nimeumia kidogo. Vyote kwa pamoja.

Jumatatu, 17 Februari

Faini za trafiki nimeziangalia, hakuna. Deni la maegesho lilikuwepo, dogo, nimelipa kabla hawajauliza. Mkataba kwa wakili, nakala mbili, picha zetu pembeni, namba ya injini na ya chesisi zimesomwa kwa sauti kutoka kwenye kadi na kwenye gari. Hela imeingia benki saa tano. Funguo mbili, kadi, kitabu cha matengenezo. Mwalimu kanishika mkono kwa mikono miwili.

Kaka: "Ungepata kumi na moja." Labda. Kwa mtu asiyekuja na fundi, ambaye angenipigia wiki ijayo akiniita jina nisilolipenda. Bei niliyoishika ningeweza kuitetea mbele ya fundi wa mwalimu na mbele ya mke wake, na nimeitetea. Inanitosha.

Kilichopungua kwenye makadirio ya paa kitatafutwa kwingine. Si kwa mwalimu.

Wengine huachia kadi hivi hivi, gari linauzwa na kuuzwa tena, jina likabaki la yule wa kwanza. Mimi sikukubali waondoke bila kupita TRA. Maombi ya kuhamisha umiliki yameingia leo, mbele yangu, kwa TIN yake na yangu. Faini ya kuanzia leo si yangu.