Mwenzako akiruka, msubiri ashuke

Jioni moja kijijini Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mvulana wa darasa la sita aliruka kupiga mpira kwa kichwa. Mwenzake akamsukuma akiwa bado hewani. Akaangukia kichwa, akalala kimya.

Wenzake walitaka kumnyanyua wamkimbize kwa bodaboda. Shangazi yake, aliyekuwa akianika dagaa, akapaza sauti: "Mwacheni hapo hapo!" Akapiga magoti, akakishika kichwa cha mtoto kwa mikono miwili kisitikisike, mpaka mhudumu wa zahanati alipofika. Shingo iliyoumia ikigeuzwa vibaya, mtoto anaweza kupooza.

Mchezo wa raga, unaopendwa sana Kenya, una kanuni kali: mchezaji ambaye miguu yake haiko chini hakabwi, hasukumwi wala havutwi. Akiangukia kichwa au shingo, mkosaji anaweza kupewa kadi nyekundu. Aliye hewani hawezi kujikinga.

Mvulana alipona. Usiku ule shangazi hakulala, akichunguza kama anatapika, anachanganyikiwa au anasinzia kupita kiasi, dalili za kumrudisha kwa mganga haraka.

Asubuhi alimwita yule aliyesukuma. Hakumchapa. "Mwanangu," alimwambia, "mwenzako akiruka, msubiri ashuke."

"Sawa, shangazi," akajibu, machozi yakimlengalenga.