Kuweka Mpaka si Kukata Udugu

  

Wiki hii napenda tuzungumzie jambo linalowakondesha wengi majumbani mwetu, na ambalo wachache hulitaja waziwazi. Nalo ni mpaka baina ya mtu na jamaa zake: mpaka katika mali yake, katika muda wake na katika faragha ya nyumba yake. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika wingi wa jamaa. Mjomba ana neno, shangazi ana neno, na mtoto wa jirani hula pale alipokuta sinia limetandazwa. Hiyo ni neema. Lakini neema nayo ina adabu zake, na zikiachwa hugeuka mzigo.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kusomesha mwezi wa Ramadhani huko Masara, katika Suna Magharibi, kaunti ya Migori. Kwa msafiri atokaye Mombasa, hiyo ni safari ya kuikata nchi nzima kupitia Nairobi, Narok na Kisii, hadi ukaribie mpaka wa Tanzania. Masara ni mahali pa dhahabu. Watu huchimba mashimo kwa mikono, huyapandisha mawe kwa kamba, wakayasaga, kisha wakautafuta ule uchache unaong'aa kwa maji na zebaki. Penye dhahabu hukusanyika watu wa kila kabila, na Waislamu wamo, baadhi yao wametoka kwetu.

Mmoja wao alikuwa kijana mwenye duka dogo la kuwauzia wachimbaji tochi, kamba, viatu vya mpira na unga. Huku nyumbani habari ilikuwa imeenea kwamba kijana yuko kwenye dhahabu, na mtu akishasemwa yuko kwenye dhahabu hakuna atakayeamini kuwa anauza tochi. Usiku mmoja baada ya tarawehe alinisubiri nje ya msikiti, akaniuliza, "Maalim, nikimkatalia mjomba wangu, nitakuwa nimekata udugu?"

Nilimwomba anieleze. Akanionyesha simu yake na daftari la duka. Katika simu mlikuwa na maombi ya mwezi mmoja: kodi ya nyumba ya huyu, karo ya mtoto wa yule, pikipiki ya binamu iliyoharibika, michango ya arusi mbili. Katika daftari bidhaa zilikuwa zikipungua kila wiki. Alipokosa fedha za kutuma, alichukua mkopo wa simu wenye nyongeza, na hukumu ya nyongeza juu ya mkopo hatuhitaji kuirudia hapa. Mwishowe aliuza bangili ya mkewe, iliyokuwa sehemu ya mahari yake, ili arusi ya mtu mwingine ifane.

"Mkeo alikupa bangili hiyo kwa ridhaa?" nikamuuliza.

"Hakusema kitu, Maalim."

"Alikupa, au alinyamaza?"

Akainamisha kichwa. Kisha akaniambia kuwa mkewe hagombi tena. Siku hizi anakunja nguo zake na kuzipanga katika begi.

Ndugu wasomaji, hofu ya kijana yule ilikuwa na msingi. Kukata udugu ni katika madhambi makubwa, na hakuna mwanachuoni anayelipunguza jambo hilo. Lakini tuitazame Suratul Israa. Katika aya ya 26 Mwenyezi Mungu anaamrisha jamaa wa karibu apewe haki yake, pamoja na maskini na msafiri. Aya ya 29 inakataza mkono kufungwa kwa ubahili, na inakataza vilevile kuukunjua wote hadi mtu akabaki analaumiwa na hana kitu. Baina ya hizo mbili ipo aya ya 28, ambayo wengi wetu tunaipita haraka. Hiyo inamzungumzia mtu asiyeweza kutoa kwa wakati ule, naye anatarajia rehema ya Mola wake. Huyo ameamrishwa awaambie jamaa zake neno laini. Maana yake, Qur'ani yenyewe imetufundisha namna ya kumkatalia ndugu. Lau kila kukataa kungekuwa kukata udugu, tusingefundishwa adabu yake.

Na utoaji una utaratibu. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mtu aanze na nafsi yake, kisha watu wa nyumbani kwake, kisha jamaa zake, kisha wengineo. Tunajua pia kisa cha Salman na Abu Dardaa (R.A.), waliounganishwa udugu huko Madina. Salman alipomkuta mke wa nduguye hajishughulishi tena na hali yake kwa sababu mumewe amezama katika ibada, alimkumbusha kuwa Mola ana haki, nafsi ina haki na ahali wana haki, basi kila mmoja apewe yake. Mtume aliposikia alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna haikuruhusiwa kula haki ya mke, itakuwaje mchango wa arusi?

Nilimwambia kijana kuwa bangili ile ni deni juu yake, kwani Suratun Nisaa, aya ya 4, imeyafanya mahari kuwa mali ya mke, ila kile alichokitoa kwa moyo mkunjufu. Tukakaa na daftari. Aliandika kwanza matumizi ya nyumba na mtaji ambao hautaguswa. Kisha akaandika fungu la mama yake la kila mwezi, ambalo halingojei kuombwa. Kisha fungu dogo la jamaa. Likiisha, limekwisha hadi mwezi ujao. Anayekopa ataandikiwa, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 282, kwa sababu wahenga walikwishaona kuwa kukopa arusi, kulipa matanga.

Lililokuwa zito kwake ni maneno ya kumwambia mjomba. Alitaka kusema "sina". Nikamkumbusha kuwa fedha anazo dukani, na Muislamu haanzi kuilinda mali yake kwa uongo. Wala kuzima simu siku tatu si jibu. Huko ndiko kunakofanana na kukata udugu. Alimpigia mbele yangu, akamsalimu, akamuulizia afya yake na watoto wake, kisha akasema, "Mjomba, nilicho nacho kina wenyewe. Mwezi huu sitaweza. Mwezi ujao nitakupa kiasi hiki, inshallah, na hicho ni zawadi, hutanirudishia." Mjomba alikata simu.

Nasikia ilipita miezi kadhaa bila mjomba kupokea salamu zake. Kijana aliendelea kumpigia kila Ijumaa, na fungu alilomuahidi lilifika kwa wakati wake. Bangili nyingine ilinunuliwa polepole, na lile begi lilifunguliwa. Siwezi kusema kuwa mjomba ameridhika. Lakini udugu una pande mbili, na kijana upande wake ameushika.

Tusidhani kuwa mpaka ni jambo geni tulilochukua kwa watu wengine. Wazee wetu waliujenga kwa mawe na chokaa. Nyumba za kale za Lamu na Mombasa zina daka mbele ya mlango, mgeni akapokewa pale, na hakuingia ndani ila kwa kukaribishwa. Tulifunzwa kupiga hodi mara tatu, na usipoitikiwa urudi bila kinyongo. Hiyo ni adabu ya Suratun Nur, aya ya 27 na 28. Abu Musa Al-Ash'ari (R.A.) alibisha hodi mara tatu kwa Sayyidna Umar (R.A.), hakuitikiwa, akarudi zake. Umar alipomuuliza sababu, alimjibu kuwa ndivyo alivyofundisha Mtume, na akaleta shahidi.

Leo simu haina daka. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mkono wa muombaji unafika chumbani kwa mtu usiku wa manane, na mkono wa mtoaji unafika Lamu kutoka Masara kwa dakika moja. Kuna kheri kubwa katika hilo. Wagonjwa wangapi wametibiwa kwa sababu yake! Lakini hodi imebaki kuwa wajibu. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inataja nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto wa nyumbani wabishe hodi: kabla ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya isha. Basi anayetaka kuomba fedha naye achunge saa. Aulize hali kabla ya haja. Aseme kama ni mkopo au ni msaada. Akijibiwa kuwa haiwezekani, arudi kama alivyorudi Abu Musa.

Nasi tulio wakubwa, wajomba, mashangazi na wazazi, tuna sehemu yetu. Mgeni amefundishwa kuwa haki yake ni siku tatu, asikae hadi amtie mwenyeji wake katika dhiki. Ikiwa mgeni ana kipimo, mjomba naye anacho. Kabla ya kumlaumu kijana aliye mbali kwa kukataa, tumuulize anakula nini na mkewe ana hali gani. Huenda anauza tochi.

Mwenyezi Mungu atujaalie mikono isiyofungika na isiyomwaga, ndimi laini tunapotoa na tunapokataa, na nyoyo zinazopokea jibu bila chuki. Amin.