Mchezo wa Kumtafuta Muuaji

Mchezo wa kumtafuta muuaji wa uwongo miongoni mwa wageni wa karamu hauna asili kwetu. Ulistawi Uingereza baina ya vita kuu viwili, katika nyumba za watu wenye nafasi. Na mwaka 1934 Ngaio Marsh, mzaliwa wa New Zealand, alitoa riwaya yake ya kwanza, ambamo wageni wa nyumba ya shamba wanaucheza mchezo huo, na maiti inatokea kuwa ya kweli. Walakini mtu aliyesoma Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka mwaka 1960, hawezi kusema kuwa ni mgeni kabisa wa mambo haya. Bwana Msa na kiko chake wamekwisha kutufundisha kusikiliza kwanza na kuhukumu baadaye. Ndiyo maana tarehe 26 Desemba, siku ya mapumziko baada ya Krismasi, nilipowaalika marafiki saba nyumbani kwangu Dar es Salaam, sikuhangaika kutafuta mpelelezi wa kigeni.

Hadithi niliitunga mwenyewe. Tajiri wa karafuu amekufa kwa kahawa yenye sumu. Kila mgeni ana karatasi ya siri zake, naye avae mavazi yanayomstahili. Alikuja nahodha na kilemba, mjane na buibui, daktari na koti jeupe, karani, mpishi, Bwana Msa mwenyewe na kiko kisicho na tumbaku, na mlinzi wa usiku na kirungu. Nilikusudia mtu mmoja wa nyumbani alale chini ya shuka awe maiti. Mama mkwe wangu alikataa katakata: mtu mzima hafunikwi nguo nyeupe kwa mzaha. Nilimtii, tukalaza mkeka uliokunjwa, na mchezo haukupungua kitu.

Mimi nilijua kuwa muuaji ni daktari, kwa hiyo sikuwa na kura. Kazi yangu ilikuwa kutazama. Dalili hazikuwa ngumu. Daktari alisema amemkataza tajiri kahawa mwezi mzima, na nahodha alimwona akimmiminia kikombe kwa mkono wake. Mpishi na karani walishuhudia kuwa mlinzi hakuvuka kizingiti. Lakini karatasi ya mlinzi ilikuwa na neno moja zaidi: hajalipwa mshahara wa miezi mitatu. Neno hilo lilipotamkwa, watu waliacha kumtazama daktari.

Mlinzi wetu ni mwalimu wa hesabu, mwenye shahada ya udaktari, na tumejuana naye tangu ujana. Marafiki waliozoea kumwita kwa jina la utani walianza kumhoji kwa sauti ya juu, wakimkatiza kabla hajamaliza. Naye akaanza kujibu, "Ndiyo, mzee," huku ameinamisha kichwa. Hayo sikuyaandika katika karatasi yoyote. Daktari aliulizwa maswali mawili tu, tena kwa adabu, kisha akaombwa maoni yake juu ya sumu. Kura sita zilimtia hatiani mlinzi. Ya daktari haihesabiki, kwa kuwa alikuwa akijiokoa. Lakini mpishi na karani walikuwamo, na Bwana Msa pia. Mlinzi peke yake aliandika: daktari. Mtu aweza kusema kuwa mchezo ni mchezo. Mimi nasema watu watano wasomi walikuwa na ushahidi mikononi, wakahukumu kwa nguo.

Nilipotangaza jawabu watu walicheka sana, naye akacheka. Mjane alimwambia alivue sasa lile koti kuukuu, kwa kuwa joto la Desemba halina huruma. Akasema litakaa kidogo. Lilikuwa la marehemu baba yake, aliyelinda maduka mjini miaka mingi. Hakuna kati yetu aliyekuwa akijua. Kicheko kilikatika. Bwana Msa aliweka kiko mezani akamwuliza jina la mzee. Akalitaja, kisha akaanza kutusimulia habari za zamu za usiku, na jinsi mzee alivyowatambua wapita njia gizani kwa mshindo wa miguu yao. Pilau ilipoa tukimsikiliza.