Mfalme wa Malindi Asikilizaye

Mwanafunzi wa ugenini ana siku tano za mwalimu na siku mbili za nafsi yake. Katika siku hizo mbili ndimo anamopika chakula cha kwao, anamokutana na wanaoijua lugha yake, na anamoulizwa maswali ambayo mwalimu hayaulizi. Jumamosi na Jumapili moja ya mwaka 2006, jijini Lisbon, niliulizwa swali ambalo hadi leo linaniongoza kalamu.

Nilikuwa huko kwa kozi ya miezi mitatu ya Kireno kwa wageni. Umri wangu ulikuwa miaka 36, nami nilikuwa mkubwa kuliko wenzangu wote darasani na mwenye vyeti vichache kuliko wao. Kireno cha kusoma nilikuwa nimejifundisha mwenyewe Unguja, kwa kamusi na ukaidi, kwa kusudi moja tu: kuutia katika Kiswahili utenzi mkuu wa Wareno, Os Lusíadas wa Luís de Camões, uliochapishwa mwaka 1572. Una sehemu 10 na beti 1,102, kila ubeti mishororo minane, kila mshororo mizani kumi. Safari inayosimuliwa humo ni ile ya Vasco da Gama ya kwenda Bara Hindi, na mwaka 1498 safari hiyo ilipita milangoni mwetu: Msumbiji, Mombasa, Malindi.

Marafiki wa siku hizo walikuwa wawili. Mmoja ni dada wa kisiwa cha Ibo, kaskazini ya Msumbiji, aliyekuwa akisomea uuguzi. Yeye alisema Kimwani chake, mimi Kiswahili changu, na tulipokwama Kireno kilitukwamua. Wa pili ni bwana wa Mombasa, mwanafunzi wa mambo ya bahari huko Malmö, Sweden, aliyekuja kututembelea kwa siku mbili hizo.

Jumamosi tulikwenda Martim Moniz, chini ya Mouraria, mtaa walioachiwa Waislamu baada ya mji kutekwa na Wakristo mwaka 1147. Madukani mwa Wahindi na Waafrika tulipata nazi, bamia na pilipili. Dada akapika wali na samaki wa nazi, na harufu yake ikapanda ngazi zote za nyumba ile. Tulipokuwa tukila, mgeni wetu akaniomba nimsomee nilichokwisha kukitafsiri. Nikamsomea kipande cha sehemu ya pili, merikebu zinapofika Mombasa.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa mkono sahanini.

“Nduyangu, humo watu wangu ni wahaini.”

Nikakiri kuwa ndivyo utenzi unavyosema. Mombasa ni mji wa hila, Malindi ni mji wa ukarimu.

“Na moto wa mwaka 1505, uliotiwa na Francisco de Almeida? Huo nao umo?”

Umo. Sehemu ya kumi inautaja, na inauhesabu kuwa malipo ya uovu uliotangulia.

Akasema kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko ukali: “Mwanangu akilisoma hili kwa Kireno, ni neno la adui. Akilisoma kwa Kiswahili fasaha, lina vina na mizani, litakuwa neno letu. Na wewe ndiwe utakayekuwa umemtilia kinywani.”

Sikuwa na jibu. Miaka minne ya kazi ilikuwa mezani pale, pamoja na urafiki wa miaka mingi zaidi, nami sikuona namna ya kuondoka na vyote viwili. Dada ndiye aliyelipasua lile wingu. Alitukumbusha kwamba Camões, akirejea kutoka Bara Hindi, alikwama Kisiwani Msumbiji hadi mwishoni mwa mwaka 1569. Mwanahistoria Diogo do Couto, rafiki yake, ameandika kuwa alimkuta fukara, akila kwa marafiki, hata wakamchangia nguo na kumwezesha kurudi kwao. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

“Basi mlimshibisha ili aje kutuchapisha!” akasema bwana wa Mombasa. “Mngalimwacha na njaa, tungalisalimika.” Tukacheka sote, lakini swali likabaki pale pale.

Jumapili tulikwenda Belém, katika kanisa la watawa wa Jerónimos. Karibu na mlango yamo makaburi mawili ya mawe, la Gama na la Camões, yakitazamana kutoka pande mbili. Kanisa kwa Kireno ni igreja, nasi kutoka neno hilo tuna gereza. Mgeni wetu alilijua hilo; Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela ya Waingereza hadi mwaka 1958. Alisimama kitambo mbele ya Gama bila kunena. Tulipotoka kando ya mto Tejo, akaniuliza:

“Huyu nahodha, katika utenzi, anamhadithia nani?”

Nikamweleza. Mwisho wa sehemu ya pili, mfalme wa Malindi anamwomba mgeni amweleze nchi yake na asili yake. Sehemu ya tatu, ya nne na ya tano ni jibu: historia nzima ya Ureno, inasimuliwa mbele ya mfalme wa Kiswahili.

“Malindi tena!” akanung'unika, maana ugomvi wa miji ile miwili haujafa moyoni mwa mtu wa Mombasa. Kisha akasema: “Kumbe mwenye baraza ni sisi. Mgeni ndiye anayejieleza. Naye mfalme alisikia kwa lugha gani?”

“Kwa Kiarabu cha mkalimani.”

“Basi msikizishe kwa lugha yake. Lakini usilainishe. Penye mhaini, andika mhaini. Mwanangu na ajue alivyoonwa, na ni nani aliyekuwa akimwona.”

Nilimwambia kuwa Kiswahili kina njia nyingi za kulipunguza neno makali. Akajibu kuwa ndiyo sababu ananionya.

Tangu siku ile kazi imekwenda polepole. Mizani 8 za utenzi wetu ni chache kwa maneno ya Camões, na 16 za shairi zinamzidi. Nimechagua 12, sita kwa sita, kama zilivyo nyimbo zetu nyingi. Sehemu mbili za mwanzo zimekamilika, na wahaini wa Mombasa wamo, bila kupunguzwa. Zilipokamilika nilimsomea rafiki yangu kwa simu, usiku, ule ubeti ambamo mabaharia wanahangaika na matanga, merikebu zikirudi nyuma kwenye mlango wa Mombasa. Alinikatiza mara moja tu.

“Hapo si kamba,” akasema. “Ni demani.”

Nikaandika demani.