Tazama Pembe za Kioo

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Bibi yako mguu umepungua kuuma tangu abadilishiwe dawa, na jana alijikongoja mwenyewe mpaka kwa jirani kwenda kusengenya, kwa hiyo ujue amepona. Machungwa ya Muheza yameanza kushuka bei. Pesa uliyotuma imefika, Mungu akuzidishie pale ulipopunguza.

Tulifurahi sana ulipotuma kwenye kundi la ukoo ile skrinishoti ya barua pepe ya kuthibitishwa kazini. Baba yako alimsomea kila aliyepita barazani. Lakini mimi kazi ya uhazili ilinizoesha kuanza kusoma karatasi kutoka pembeni, na pembeni ndiko nilikokuta mambo. Juu ya barua yako vilipangana vichupo ulivyofungua, na majina ya wateja wenu yanasomeka. Chini kulia ujumbe wa mwenzako umechomoza, anamsema bosi wenu kwa maneno yaliyowafurahisha wajomba zako kupita kiasi. Ni sawa na kumpiga picha bi harusi huku nyuma yake kumeanikwa nguo za ndani. Kaka yako ndiye msimamizi wa kundi. Nilimwambia aifute, akaifuta. Sikutaka kukusema mbele ya watu. Nakusema hapa, na kama mama yako anasoma nawe, asome tu, maana naye simu yake ina maradhi hayohayo.

Nilipoanza kazi, kompyuta zetu zilikuwa za DOS, kioo cheusi chenye maandishi matupu. Kile kitufe unachokiona kimeandikwa PrtSc, ukikibonyeza, kilimwaga maandishi ya kwenye kioo moja kwa moja kwenye printa. Na printa zile zilikuwa na makelele! Ofisi nzima ilijua kuna mtu kachapa, na mkubwa wa masjala alikuwa na tabia ya kuinuka na kuuliza ni nini hicho. Karatasi inatoka, unaisoma, unaifungia kwenye jalada, na kabati lina ufunguo. Leo kitufe hakitoi hata mlio. Picha inaingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, unaibandika WhatsApp, na kabla hujanywa maji iko Dubai kwa shemeji.

Sikukatazi kupiga skrinishoti, mwanangu. Akiba haiozi. Ofisini kwetu, miaka ile ya mwisho kabla sijastaafu, mfumo wa malipo ulikuwa unakwama kila mwisho wa mwezi, na binti mmoja wa uhasibu akalaumiwa kwamba hakuwasilisha hesabu kwa wakati. Hakubishana. Akafungua folda yake, akaonyesha picha ya mfumo ukimkatalia, ujumbe wa kosa unasomeka neno kwa neno, tarehe na saa ziko chini. Aliyekuwa akifoka akaomba maji. Fundi naye aliupenda ujumbe ule kuliko maelezo yetu yote ya “imegoma tu”, kwa sababu ndani yake mlikuwa na namba ya kosa, na namba ndiyo iliyompeleka kwenye ugonjwa.

Basi jifunze kupiga kinachotakiwa, na hicho tu. Shika kitufe cha Windows pamoja na Shift, halafu bonyeza S. Kioo kitafifia, nawe utazungushia kwa kipanya sehemu unayoitaka. Iwe ndiyo desturi yako kwa kila kinachokwenda kwa mtu mwingine. Ukitaka dirisha moja zima, tumia Alt na PrtSc. Windows na PrtSc kwa pamoja huchukua kioo kizima na kuhifadhi faili kwenye folda ya Screenshots, ndani ya Pictures. Hiyo iache kwa kumbukumbu zako za kazi, na faili lenyewe ulipe jina utakalolikumbuka mwakani. Binamu yako mwenye Mac mwambie kwake ni Command, Shift na 4.

Usijidanganye kwamba utapiga yote kisha ukate baadaye. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama waligundua kwamba programu ya kukatia picha kwenye simu za Google Pixel, na ile ya Windows 11 pia, zilikuwa zikiacha mabaki ya picha ya awali ndani ya faili lililokatwa, na mtu mwenye ujuzi aliweza kurudisha sehemu ya kilichoondolewa. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini picha zilizokwishatumwa nani atazirekebisha? Na ile kalamu ya kupakia rangi kwenye simu, unayoiona imefunika namba ya akaunti, mara nyingi ukiongeza mwangaza namba inarudi. Kisichopaswa kuonekana kifunge kwanza, ndipo upige.

Majina ya wateja si yako wala si ya bosi wako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na “nilikuwa naonyesha nyumbani tu” sidhani kama ni utetezi utakaokusaidia. Vilevile mazungumzo ya wenzako usiyapige ukayapeleka kwa mtu, hata akuombe mkubwa kwa sauti ya upole. Mwambie akamuulize mwenyewe. Utaonekana mkaidi kwa wiki moja, kisha watu watakuamini kwa miaka.

Ila kuna moja ambalo sitaki usite. Mtu yeyote pale kazini, awe mteja au mwenye cheo, akikuandikia maneno ya kukudhalilisha au ya kukutaka kwa vitisho, piga. Piga kioo kizima, jina lake na saa vionekane. Usikate, usichore mshale, usizungushie duara. Faili la asili libaki kama lilivyozaliwa, na nakala yake weka mahali pengine pasipo pa ofisi. Usiufute hata ujumbe wenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa namna hii mahakamani, na kinachopimwa ni jinsi ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Kisha, kabla hujamwonyesha rafiki wala kuweka kwenye kundi lolote, nipigie mimi. Usiangalie saa.

Wasalaam,

Shangazi yako